Vyuma vya mwilini: tuulize vimetengenezwaje, si vya metali gani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaojirudia mara kwa mara, kwenye kurasa za barua na kwenye vijiwe vya kahawa vilevile, kuhusu vyuma wanavyowekewa majeruhi waliovunjika mifupa: kwa nini ni ghali, kwa nini karibu vyote vinatoka nje, na kwa nini mafundi wetu wa Gerezani na Keko jijini Dar es Salaam, wanaokereza vipuri vya kila aina, wasipewe kazi ya kuvitengeneza hapa hapa. Hoja hiyo naiunga mkono. Nimefanya kazi ya metali maisha yangu yote, na ningefurahi kuliona bamba la kuungia muundi lililochongwa Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba karibu kila anayechangia anauliza kifaa ni cha metali gani, na hakuna anayeuliza kilifanyiwa nini, na nani, kabla hakijafika chumba cha upasuaji.

Swali hilo la metali nimeulizwa hata na ndugu zangu. Kijana wetu mmoja aligongwa akiwa kwenye bodaboda akavunjika paja, familia ikaambiwa ichague kati ya stenlesi na titani, na bei zilikuwa zimepishana mno. Wakanipigia simu: "Baba mkubwa, ipi nzuri?" Niliwaambia zote mbili ni nzuri zikitengenezwa inavyopaswa, na zote mbili ni hatari zikitengenezwa ovyo. Kwa watu waliokuwa wakichanga fedha usiku ule jibu hilo halikuwa na msaada mkubwa, lakini ndilo lililo sahihi, na linahitaji maelezo marefu kidogo.

Stenlesi inayoingia mwilini si ile ya masufuria na masinki. Ya jikoni huwa na kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8, nayo inatosha kwa kazi yake. Ndani ya mwili mazingira ni makali zaidi, kwa sababu majimaji ya mwilini yana chumvi, joto ni nyuzi 37 usiku na mchana, na kifaa hakitolewi kila jioni kikasuguliwa. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo hushambulia utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi unaokinga chuma, hasa chini ya kichwa cha skrubu ambako majimaji hukwama na oksijeni ni haba, na hapo hutoboa vishimo ambavyo jicho halivioni. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 5832-1 kinataka kromi asilimia 17 hadi 19, nikeli 13 hadi 15, molibdeni 2.25 hadi 3, na kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Molibdeni huzuia vishimo. Kaboni nayo hubanwa kwa sababu ikizidi hujiunga na kromi kwenye mipaka ya chembe za metali chuma kinapopashwa moto, na sehemu hizo zikabaki bila kinga.

Wapo wanaoamini kwamba sumaku itawatofautishia. Haitawasaidia, kwa kuwa sumaku haishiki stenlesi nzuri ya sinki wala stenlesi ya upasuaji, na kwa macho mabamba mawili ya aina hizo hayatofautiani hata kidogo. Kinachotofautisha ni kipimo cha maabara, au cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho, kinachoonyesha namba ya myeyusho (yaani chuma hicho kiliyeyushwa katika mkupuo upi) na kila elementi iliyomo.

Tuseme sasa kwamba mchanganyiko ni sahihi kabisa. Bado hatujafika. Chuma cha upasuaji kilicho bora huyeyushwa upya ndani ya ombwe ili kupunguza uchafu mdogo mdogo wa oksidi na salfaidi, kwa sababu kila chembe ya uchafu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kisha huvutwa au kubanwa kikiwa baridi ili kiwe imara: stenlesi ya upasuaji iliyolainishwa kwa moto hutakiwa kuhimili mvuto wa megapaskali 490, na hiyohiyo ikishafanyiwa kazi ya baridi hutakiwa kufikia 860. Elementi ni zilezile kwa asilimia zilezile, lakini nguvu imekaribia kuongezeka maradufu. Fundi akilipasha bamba hilo moto kwa gesi ili alipinde kwa urahisi, atakuwa ameirudisha nguvu hiyo nyuma kwa dakika chache, na hakuna atakayegundua kwa kuliangalia.

Uimara huo unahitajika kwa sababu bamba au msumari wa ndani ya mfupa haubebi mzigo mara moja ukapumzika. Mtu anayetembea kawaida hukanyaga kila mguu takriban mara milioni moja kwa mwaka, na kila hatua hulipinda bamba kidogo, kama waya unaopindwa huku na huku mpaka ukakatika bila kuvutwa kwa nguvu. Mfupa ukiunga ndani ya miezi michache, unachukua mzigo wake na chuma kinapumzika. Mfupa ukichelewa au usipounga kabisa, chuma kitakatika siku moja, hata kiwe bora kiasi gani. Madaktari wa mifupa wanalijua hilo vizuri. Wagonjwa wengi hawajaelezwa, na ndiyo maana mtu aliyeambiwa asikanyagie mguu kwa wiki kadhaa huanza kuukanyagia mapema akijiambia kwamba kilichomo ndani ni chuma.

Kuhusu titani, jina hilo moja linafunika vitu kadhaa. Ipo titani tupu ya madaraja mbalimbali, ipo yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ambayo awali ilitumika sana katika ndege, na ipo ile ambayo wataalamu wa Uswisi waliondoa vanadi wakaweka niobi asilimia 7, kwa kuwa hawakupenda vanadi ikae mwilini. Sifa yake kubwa ni kwamba huvaa utando wa oksidi wenyewe papo hapo, na mfupa hukubali kushikamana nao moja kwa moja, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark aliligundua huko Sweden katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, na ambalo lilizaa vipandikizi vya meno tunavyoviona leo. Pia ukakamavu wake ni kama nusu tu ya ule wa stenlesi, kwa hiyo haiunyang'anyi mfupa mzigo kwa kiasi kilekile. Lakini ni metali yenye matatizo yake kwa fundi. Joto la ukataji halisambai, hubaki kwenye ncha ya kisu na kukimaliza haraka. Vumbi lake linashika moto. Na skrubu za titani zilizofungwa kwenye mabamba yenye kufuli, yaani yale ambayo kichwa cha skrubu hujifunga ndani ya tundu la bamba lenyewe, huweza kung'ang'ania kiasi kwamba daktari anapotaka kuzitoa hukata badala ya kufungua. Kwa mgonjwa mwenye kuvunjika kwa kawaida, stenlesi iliyotengenezwa vizuri inatosha, na familia isiuze shamba kwa sababu imesikia neno titani.

Hapo huja hoja nyingine ambayo nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba pwani ya Kenya kule Kwale mchanga wa titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi hadi mwisho wa 2024, na kwamba chuma cha Liganga wilayani Ludewa kina titani na vanadi, basi malighafi tunayo. Malighafi ya mbali sana, ningesema. Sehemu kubwa ya mchanga wa titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta na kutia katika plastiki na karatasi. Ili kupata metali yenyewe, oksidi hubadilishwa kwanza kuwa kloridi, kisha kloridi hiyo humenyuka na magnesi iliyoyeyuka ndani ya chombo kisichoingiza hewa, na kinachotoka ni kitu chenye matundu matundu kama sifongo ambacho huyeyushwa tena katika ombwe mara mbili au tatu. Ni nchi chache zenye viwanda hivyo. Hata nchi tajiri zinazotengeneza nyonga bandia kwa wingi hununua fito za titani kutoka kwa wengine, na hazioni aibu. Sisi pia tutaagiza fito, za titani na za stenlesi, na hilo halitafanya bamba litakalotoka lisiwe letu.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Nikipitia vifaa vya mwilini vilivyowahi kuleta balaa katika nchi zenye viwanda vikubwa na wakaguzi wengi, ninaona kwamba mara nyingi metali au kauri yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilitokea katika hatua ambayo kwa mtazamaji wa nje ingeonekana ndogo.

Mwezi Desemba 2000, kampuni ya Sulzer Orthopedics ya Texas iliondoa sokoni vikombe vya nyonga bandia ambavyo vilikuwa vya titani nzuri, vyenye umbo zuri na uso uliokwaruzwa makusudi ili mfupa uote ndani yake. Takriban vikombe 17,500 vilikuwa vimeshawekwa ndani ya watu. Kasoro ilikuwa mabaki ya mafuta ya mashine. Mafuta yalibaki usoni mwa vikombe baada ya kukerezwa, usafi haukuyamaliza, na mfupa ukakataa kushika. Zaidi ya wagonjwa elfu mbili walirudi kupasuliwa, na kampuni ikaishia kwenye makubaliano ya fidia ya takriban dola bilioni moja. Kila fundi anayesoma barua hii anajua mafuta hayo, yale ya kupozea kisu, na anajua jinsi kitambaa kinavyoweza kuonekana safi huku utando ukiwa bado upo.

Kisa cha pili kinanivutia zaidi, kwa kuwa hapo hata uchafu haukuwepo. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vichwa vya nyonga vya kauri ya zirkonia, na kwa miaka mingi vilifanya kazi vizuri. Mwaka 1998 ikaacha tanuri la kuchoma vichwa kundi kwa kundi ikaanza kutumia tanuri refu ambamo vichwa hupita mfululizo. Unga ulikuwa uleule na umbo lilelile, na vichwa vilipita ukaguzi vikauzwa. Lakini baadhi ya matoleo, yaani makundi ya vichwa vilivyotengenezwa pamoja, yaliyotoka kwenye tanuri jipya yalianza kupasuka ndani ya wagonjwa, kwa kuwa kiini cha kauri hakikuwa kimeshikamana kama zamani, na Agosti 2001 vikaondolewa sokoni. Lililowezesha kutenganisha matoleo mabaya na mazuri lilikuwa daftari la kiwanda lililoonyesha kila toleo lilichomwa lini na katika tanuri lipi. Bila daftari hilo, kila mtu mwenye kichwa cha zirkonia angeishi akisubiri kusikia mlio ndani ya nyonga yake.

Plastiki nayo ina kisa kama hicho. Daktari John Charnley wa Wrightington, Uingereza, ambaye nyonga bandia za leo zinatokana naye, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa vikombe vya Teflon, ile plastiki ya kikaango kisichoshika. Viliteleza vizuri ajabu na kulika vibaya ajabu. Ndani ya miaka michache unga wa Teflon ulikuwa umezua uvimbe unaokula mfupa, na akalazimika kuwapasua upya wagonjwa wake. (Baadaye alijipandikiza vipande vya plastiki hiyo pajani mwake mwenyewe aone mwili unafanyaje, ujasiri ambao simshauri mtafiti yeyote auige.) Mwaka 1962 akahamia polithini nzito, na hapo nyonga bandia ikawa tiba ya kutegemewa. Plastiki hiyo haiwezi kutakaswa kwa mvuke mkali kwa kuwa hulainika, hivyo viwanda vikaitakasa kwa mionzi ya gama. Kwa muda mrefu vifaa vilipigwa mionzi vikiwa ndani ya pakiti zenye hewa ya kawaida. Mionzi hukata minyororo ya plastiki, oksijeni ikaingia pale palipokatika, na kifaa kikaendelea kudhoofika kikiwa kwenye rafu ya stoo, hata kabla ya kumfikia mgonjwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vikabadilisha pakiti, vikatoa hewa au kuweka naitrojeni, na plastiki ikawa haizeeki tena kwa kasi ile.

Sitaji kwa kirefu visa vya nyonga za metali kwa metali, zenye kichwa na kikombe vyote vya metali, zilizoondolewa sokoni Agosti 2010 baada ya kuuzwa takriban 93,000, wala vile vya matiti ya silikoni yaliyojazwa silikoni ya viwandani huko Ufaransa, ambavyo mwenye kiwanda alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Cha kwanza kilikuwa kosa la umbo na cha pili kilikuwa wizi wa wazi. Vinahusu mambo mengine.

Nikirudi kwenye karakana zetu, kukata si kikwazo. Mashine za kukereza na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zipo nchini, na vijana wanaozijua wapo. Kuna wanaotengeneza gia na kalibu kwa usahihi ambao bamba la mfupa halihitaji zaidi yake. Kinachokosekana ni kinachofuata baada ya kukata, na hicho hakina mvuto wa kupigwa picha siku ya uzinduzi. Bamba likitoka kwenye mashine huwa na kingo kali, mikwaruzo na mafuta. Linatakiwa lilainishwe, lisafishwe kwa sabuni maalumu na mawimbi ya sauti, ling'arishwe kwa umeme ndani ya asidi ili vilima vidogo vya uso viliwe, kisha lichovywe katika asidi ya nitriki au ya sitriki ili punje zozote za chuma cha kawaida ziyeyuke na utando wa kromi ujijenge sawasawa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoihofia kuliko zote katika mazingira yetu, kwa sababu katika karakana nyingi jiwe lilelile la kusaga linasaga nondo asubuhi na stenlesi mchana. Punje za nondo hujikita kwenye uso wa stenlesi, na siku chache baadaye huonekana madoa ya kutu, na mwenye mali huilaumu stenlesi yenyewe. Kwenye geti la nyumba ni aibu ndogo. Kwenye mfupa wa mtu ni mwanzo wa kishimo, na kishimo ni mwanzo wa ufa.

Kwa hiyo chumba cha kutengenezea vifaa hivi lazima kitengwe, chenye visu vyake, majiwe yake, maji yaliyochujwa na watu wake, na kila hatua iandikwe. Kiwango cha ISO 13485, ambacho ndicho msingi wa viwanda vya vifaa tiba, sehemu kubwa yake ni kuandika: nani alifanya nini, kwa mashine ipi, kwa fito ya myeyusho upi, na nani alikagua. Gharama ya kifaa imelala humo kuliko kwenye chuma chenyewe. Anayeshangaa kwamba skrubu ya sentimita nne inauzwa bei ya mfuko mzima wa skrubu za mbao ana haki ya kushangaa, na ninakubali kwamba sehemu ya bei hiyo ni faida ya mawakala; lakini sehemu nyingine ni gharama ya kuhakikisha kwamba mafuta hayakubaki.

Je, inawezekana kwetu? Inawezekana, na mfano uko karibu. Lenzi inayowekwa ndani ya jicho baada ya kuondoa mtoto wa jicho ni kifaa cha mwilini kama bamba. Ilianza mwaka 1949 London, pale daktari Harold Ridley alipoona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe, akatumia plastiki ya aina hiyo kutengeneza lenzi. Kwa miongo kadhaa lenzi moja iliuzwa zaidi ya dola 100, na maskini wakabaki na miwani minene. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kikaanza Madurai, India, chini ya hospitali za macho za Aravind, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 maabara za lenzi zikajengwa Kathmandu na Asmara kwa msaada wa taasisi yenye jina la daktari wa macho Fred Hollows wa Australia. Bei ikashuka hadi chini ya dola 10. Asmara, Ndugu Mhariri, mji mkuu wa nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya miaka thelathini. Hawakuanza kwa kutengeneza plastiki. Waliagiza plastiki iliyothibitishwa, wakaikereza kwa ncha za almasi, wakaing'arisha katika mapipa yanayozunguka yenye shanga za kioo, wakaiosha, wakaikagua moja moja kwa hadubini na kuitakasa kwa gesi. Waliwekeza katika chumba safi na katika wakaguzi.

Ningependa nasi tuanze hivyo: mabamba ya stenlesi na skrubu za ukubwa unaotumika sana, kutoka kwenye fito zilizoagizwa zikiwa na vyeti, katika karakana moja iliyotengwa na kukaguliwa, badala ya kugawa kazi kwa karakana kumi zenye moyo mzuri. Nasikia pia watu wakipendekeza turuke moja kwa moja hadi uchapaji wa pande tatu, ambapo unga wa titani huyeyushwa tabaka kwa tabaka kwa leza au miale ya elektroni. Teknolojia hiyo ni nzuri kweli kwa mgonjwa mmoja mmoja aliyepoteza sehemu ya fuvu au taya, na inaweza kujenga uso wenye matundu ambayo mfupa huota ndani yake, jambo ambalo mashine ya kukereza haiwezi. Lakini unga ambao haukuyeyuka hubaki umenasa ndani ya matundu hayo, kuuondoa ni kazi ngumu kuliko kuosha mafuta, na kifaa kinachotoka huhitaji kubanwa kwa joto na shinikizo kubwa ili mapengo ya ndani yafungwe. Anayeshindwa kuosha bamba bapa hawezi kuosha sifongo ya titani. Tuisubirishe.

Wakati tukisubiri viwanda vyetu, kuna jambo ambalo halihitaji kiwanda: kuweka kumbukumbu ya kila kifaa. Taasisi ya Tiba ya Mifupa na Ubongo Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa hospitali ambazo zimekuwa zikitumia misumari ya ndani ya mfupa ya shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Msumari huo wa stenlesi umesifiwa kwa kuwa daktari hupata matundu ya skrubu kwa fremu ya kulengea inayofungwa kwenye msumari, bila kuhitaji mashine ya eksirei inayomulika muda wote wa upasuaji. Mimi nausifu pia kwa sababu nyingine: hospitali inayotaka kuletewa misumari mingine hutakiwa kuingiza taarifa za wagonjwa iliowafanyia pamoja na picha za eksirei katika kanzidata ya shirika. Hivyo kila msumari una mahali unapojulikana ulipo, na ukivunjika, wahandisi walioutengeneza wanapata habari.

Sasa mlinganishe na mgonjwa aliyenunuliwa bamba katika duka la vifaa tiba, likaletwa katika mfuko wa plastiki usio na maandishi, likatakaswa hospitalini kwa mvuke na kufungwa. Bamba hilo laweza kuwa jema kabisa. Lakini likikatika baada ya miezi minane, daktari hatajua lilitoka kiwanda gani wala ni nani mwingine mwenye bamba la toleo lile. Atalitoa, aweke jingine, na lile lililokatika litupwe. Ufa wake ungeweza kusomwa. Chini ya hadubini uso uliokatika huonyesha kama ulianzia kwenye kishimo cha kutu, kwenye uchafu wa ndani, kwenye alama ya koleo la daktari aliyelipinda, au kama ni uchovu tu wa mfupa uliokataa kuunga. Maabara za uhandisi zenye uwezo wa kusoma hayo zipo katika vyuo vyetu vikuu, na wanafunzi wangefurahi kupata kazi hiyo.

Wapo pia, na hili nalisema kwa uangalifu, wanaokusanya vyuma vilivyotolewa kwa wagonjwa waliopona ili vitumike kwa wasio na uwezo. Nia ni ya huruma. Hata hivyo chuma kilichokwisha kubeba hatua laki kadhaa kimetumia sehemu ya maisha yake, na hakuna kipimo cha hospitalini kinachoonyesha imebaki ngapi. Utando wake umekwaruzwa na bisibisi, na kikichanganywa na skrubu za metali nyingine ndani ya majimaji yenye chumvi, metali iliyo dhaifu kati ya hizo mbili huliwa haraka zaidi. Afadhali chuma kipya cha bei ndogo kuliko cha kifahari kilichotumika.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwa Wizara ya Afya ni hili. Kila mgonjwa anayewekewa bamba, msumari, nyonga, vali ya moyo au lenzi aondoke hospitalini na kadi ngumu yenye jina la mtengenezaji na nchi yake, aina kamili ya metali au plastiki pamoja na namba ya kiwango chake, namba ya toleo, namna kilivyotakaswa na tarehe kilipowekwa. Na nakala ya kadi hiyo ibaki katika kumbukumbu za hospitali kwa miaka isiyopungua ishirini. Kifaa kisicho na namba ya toleo kisiingie chumba cha upasuaji, hata kiwe cha msaada. Na kila kilichovunjika mwilini kipelekwe kwenye maabara moja iliyoteuliwa, pamoja na kadi yake. Kadi ni karatasi na wino. Tukiizoea kwa vifaa vya wengine, siku karakana yetu ya kwanza itakapotoa bamba lake, daftari la kuliandikia litakuwa limeshafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mstaafu wa metali,
Ubungo, Dar es Salaam.